Betri ya lithiamu ya 7Ah kwenye taa za omena: uzoefu wangu

Taa moja ya LED ya wati 6, ya kuvutia omena usiku, hula nusu ampea. Ukiiwasha saa kumi mfululizo usiku, ni 5Ah (ampea mara saa). Kwa hesabu hiyo, betri ya risasi ya 12V 7Ah iliyofungwa, ile inayoonekana kwenye bichi nyingi za huku kwetu, unaikamua zaidi ya thuluthi mbili kila usiku, na risasi haitaki kushuka chini ya nusu. Ukitaka kubaki na risasi, nunua ya 12Ah na ukubali karibu kilo 4 juu ya chelezo kinachobeba taa majini. Mimi nilihamia lithiamu ya 7Ah, aina ya LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti), yenye uzito wa kama kilo moja. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya risasi.

Adui mkubwa wa betri ya risasi lakini ni mbalamwezi. Mwezi ukikomaa omena hawaifuati taa, boti zinapumzika, na betri inawekwa kwenye kona ya nyumba ikiwa nusu tupu kwa wiki nzima au zaidi. Miezi ya kufungwa uvuvi wa omena ni balaa zaidi. Sulfeti inagandia sahani za ndani na kuwa ngumu. Ukija kuichaji "inajaa" upesi ajabu, halafu taa inafifia kabla ya usiku wa manane.

Kabla ya kuitupa, ichaji kwa ampea 0.7 hadi 14.4V, iache saa kadhaa bila taa, ndipo uipime volti kwa mita. 12.7V ni nzima. 12.2V ni nusu. Ikikaa kwenye 10.5V ilhali umeichaji usiku kucha, selo moja kati ya sita imekufa, hapo usimpe fundi hata shilingi. Na wale wanaong'oa vifuniko na kuongeza asidi, hawajatibu chochote: sulfeti iko kwenye sahani, na asidi zaidi haiiondoi.

Lithiamu nayo ina vituko vyake. Saketi ya ulinzi iliyo ndani hukata umeme betri ikiisha, kwa hiyo taa haififii kwanza, inazimika pu! Ukipima unakuta 0V, au karibu na hapo, na wengi wanadhani imekufa. Imelala tu. Kontrola nyingi za sola (vifaa vya kudhibiti chaji) haziwezi kuiamsha, kwa sababu lazima zione volti za betri kwanza ndipo zianze kuchaji. Mimi huchukua betri nyingine nzima ya 12V, naunga hasi kwa hasi, kisha chanya kwa chanya nikipitishia balbu ya breki ya pikipiki ya wati 21 katikati. Balbu inazuia mkondo usizidi ampea 2 hivi. Dakika chache, mita ikionyesha zaidi ya 11V, natoa waya na kuweka chaja ya lithiamu ya 14.4V. Chaja yenye kitufe cha "kufufua" betri za risasi usiitumie kabisa. Volti zake hupanda mno.

Tatizo jingine ni kwamba mita haikusaidii kujua kilichobaki: lithiamu ikiwa na robo tatu au nusu, inasoma ileile 13.2V hivi. Hesabu saa za taa. Kipindi cha mbalamwezi naiweka ikiwa karibu nusu, waya zimechomolewa, na sijaona ikishuka kwa maana.

Halafu kuna betri zinazosingiziwa. Taa ikiwa imewaka, pima kwenye vichwa vya betri, kisha pima pale waya unapoingia kwenye taa. Tofauti ikizidi 0.5V, betri haina kosa. Chunguza vibano: kutu ya kijani huingia hadi ndani ya mpira wa waya. Kata sentimita 5 au zaidi hadi ufikie shaba inayong'aa, bana kibano kipya, pakaza grisi.