Jino la utoto: lisubiriwe ling'oke lenyewe au ling'olewe na daktari?

Mtoto ana meno 20 ya utoto, na kwa kawaida huanza kung'oka akiwa na umri wa miaka 6 hivi, jino la kudumu linapokuwa likisukuma kutoka chini na mzizi wa lile la zamani ukiyeyuka polepole. Kwa jino la namna hiyo, kusubiri ndiko bora: mtoto alitikise kwa ulimi au kwa kidole safi, nalo litatoka kwa damu kidogo tu. Kulifunga uzi na kulivuta ghafla, kama wengi wetu tulivyofanyiwa kabla ya kulirusha juu ya paa, huumiza fizi bila sababu.

Kung'oa kwa daktari kuna mahali pake, hasa jino likiwa limeoza hadi kutunga usaha. Hapo mtoto hupigwa ganzi, na baadaye huuma kipande cha shashi kwa takriban nusu saa. Mzazi amzuie asitafune shavu au mdomo uliokufa ganzi, asisukutue kwa nguvu siku hiyo, wala asipewe aspirini. Gharama yake, hata hivyo, si fedha pekee: gego la utoto likiondolewa mapema, meno jirani huweza kuegemea pengo na kuziba njia ya jino la kudumu, ambalo pengine litachelewa hadi miaka 10 au 12, ndiyo maana daktari huweza kupendekeza kifaa cha kulinda nafasi.