Kibegi cha kukunja kwa matumizi ya kila siku Dodoma: anza na zipu

Nafanya kazi Mtumba, Mji wa Serikali, na nyumbani ni Kisasa. Asubuhi natoka na mkoba mdogo tu. Jioni nashuka Nanenane, napita soko la Job Ndugai, na hapo ndipo mzigo unapozaliwa: unga, nyanya, mchicha, na zabibu msimu wake ukifika. Kibegi changu cha mgongoni kikikunjwa kinaingia ndani ya kifuko chake chenyewe, kinabaki kama embe dodo, na kwenye mkoba sikihisi kabisa. Nikikifungua kinabeba lita 18. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, ukisahau kapu nyumbani unanunua mfuko mbadala, na kesho mwingine. Kwangu gharama hiyo imekwisha.

Nilipokwenda kukichagua, muuzaji alikazania uzito: hiki gramu 120, kile gramu 80. Ndugu zangu, gramu 40 hazimsumbui mtu mwenye kilo 5 za unga mgongoni. Kitakachomsumbua ni zipu iliyogoma kituoni huku konda anapiga kelele.

Kwa hiyo shika zipu kabla ya kitu kingine chochote. Sisi wa Dodoma tunajua vumbi letu. Kiangazi kikikolea na upepo ukivuma, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, sembuse meno ya zipu. Likichanganyika na jasho la mkono linasaga kichwa cha zipu taratibu, mwisho kinapita juu ya meno bila kuyafunga. Geuza kichwa utazame nyuma yake, mara nyingi kuna namba: 3 ni zipu nyembamba, 5 ni pana zaidi, karibu milimita 5 meno yakiwa yamefungwa. Changu ni 5 kwenye mdomo mkubwa. Mdogo wangu ana kibegi chepesi kuliko changu, kizuri cha kutazama, lakini zipu yake ni 3 pande zote, na kiangazi hakijaisha imeshabadilishwa kichwa kwa fundi. Mimi yangu naisugua kwa mswaki mkavu uliokwisha kazi, kisha napitisha kipande cha mshumaa juu ya meno. Inateleza vizuri sana.

Baada ya zipu, kitambaa. Changu ni nailoni ya 70D, maana yake uzi wake wenye urefu wa mita 9,000 una uzito wa gramu 70. Vile vyepesi kabisa ni 20D au 30D, wakati mabegi mengi ya shule ni 600D. Kiinue kwenye mwanga uone kama kimefumwa kwa vijiraba, yaani kila baada ya milimita chache unapita uzi mnene kuliko wenzake. Kwangu vijiraba hivyo vimeshalipa. Parafujo ya kiti cha daladala ilitoboa ubavu wa kibegi, nikadhani mchaniko utakimbia hadi chini. Ulifika kwenye uzi mnene ukasimama hapohapo, tundu la milimita 3, na halijaongezeka.

Mikanda ndiyo inayoniudhi. Ni myembamba, haina sponji, na mzigo ukizidi kilo 6 hivi inakata mabega. Mgongoni nako hakuna kitu kigumu, kwa hiyo kopo la maharage linakuchoma mbavu. Dawa yake ni kanga: naikunja bapa, naiweka upande wa mgongo, kisha vitu vizito chini na mboga juu. Angalau mishono pale mikanda inapokutana na kitambaa ni ya kwenda na kurudi mara nyingi, siyo mstari mmoja. Vuta kwa nguvu ukiwa bado dukani, mwenye duka akinuna anune. Na kama unapanda bodaboda kila siku, usikubali kibegi kisicho na mkanda mdogo wa kifuani. Bila huo mikanda inateleza mabegani kila tuta.

Mvua haituhangaishi miezi mingi, lakini kuanzia Desemba jiandae. Kitambaa chenyewe kinazuia manyunyu, maji yanapenya kwenye matundu ya sindano, hivyo simu na karatasi nazitia kwenye mfuko mwingine. Ikishanyesha, usikikunje kikiwa kibichi. Ule utando wa ndani unaozuia maji unaharibika kwa unyevu na joto, unaanza kunata kisha unabanduka. Nakifua kwa mkono na sabuni laini, bila jiki, nakianika kivulini kwa sababu jua kali linadhoofisha nailoni.

Nilikinunua shilingi 38,000. Kwa mtu wa ofisini anayepita sokoni, au mama anayetaka kitu cha akiba mkobani, ningekipendekeza bila kusita. Mwanafunzi wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, mwenye kompyuta mpakato na madaftari ya siku nzima, tafuta begi lenye sponji mgongoni. Hiki hakitakulindia kompyuta yako kwenye msongamano wa daladala.