Posti ya kulehemu bati jembamba la gari: ipi ununue Lubumbashi

Muuzaji atakuonyesha kwanza namba kubwa ya ampea iliyoandikwa ubavuni mwa posti, yaani mashine ya kulehemu: 250, 300, 400. "Papa, hii inasude (inalehemu) kila kitu!" Kwa fundi wa mageti, sawa. Kwa anayetaka kujifunza kuweka viraka kwenye mlango wa Corolla au sakafu ya Hiace, namba hiyo haimsaidii kitu. Bati la mwili wa gari hizi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi, na kazi yake hufanyika kwenye ampea 30 hadi 60. Kwa hiyo ukifika dukani uliza mashine inashuka mpaka ngapi, na ikiwa chini hivyo moto wake unatulia au unakatikakatika.

Uliza pia inakula nini. Umeme, gesi, waya: kimoja kikikosekana mtaani kwako, umenunua pambo.

Ya kwanza: MIG ya inverta inayokubali gesi na waya usiohitaji gesi

Kwa mwanafunzi, hakuna inayoikaribia. MIG ni mashine inayolehemu kwa waya, na inverta ni ile nyepesi ya kielektroniki, isiyo na transfoma kubwa. Waya unatoka wenyewe kwenye tochi, yaani mkono wa kulehemu, unabonyeza sekunde moja, unaachia, bati linapumua, unabonyeza tena. Kiraka chembamba hakishonwi kwa mstari mmoja mrefu. Unapiga nukta moja huku, nyingine upande wa pili, unasubiri mpaka bati liguswe kwa mkono bila kuunguza, ndipo unajaza katikati. Anayekimbia anapata bati lililojikunja, na hapo anaanza kupaka mastiki (pasta ya kusawazishia bati) kwa kilo.

Fungua kifuniko cha pembeni kabla ya kulipa. Angalia gurudumu dogo linalosukuma waya: lina mfereji wa waya wa milimita 0.6? Nyingi huja na 0.8 na 1.0 tu. Waya wa 0.6 unayeyuka kwa moto mdogo, na ndio unaokuokoa na matundu. Wa 0.8 unafanya kazi pia, ila mkono unatakiwa uwe mwepesi zaidi. Halafu tafuta mahali pa kubadilisha nguzo za umeme, chanya na hasi. Ukitumia gesi, tochi inakaa kwenye chanya. Ukitumia waya usiohitaji gesi, ule wenye dawa ndani, tochi inahamia hasi. Watu wengi hawagusi sehemu hiyo tangu siku ya kununua, kisha wanalaumu waya kwamba unarusha cheche.

Roli ya kilo 1 inaonekana rahisi, lakini kwa hesabu ya kilo ni ghali. Chukua mashine inayobeba ya kilo 5. Msimu wa mvua, waya uliobaki utoe na kuufunga ndani ya plastiki, maana ukipata kutu unakwama kwenye tochi.

Gesi ndiyo inayowaangusha watu. Inayofaa zaidi ni mchanganyiko wa argoni, takriban asilimia 80, na kaboni dayoksaidi kwa sehemu iliyobaki. Kaboni dayoksaidi tupu inafanya kazi na kwa kawaida bei yake ni nafuu zaidi, ila moto wake ni mkali, unapenya sana na unarusha cheche. Nenda kwa wanaojaza chupa *kabla* ya kununua posti. Uliza wanajaza nini na chupa ni ya kukodi au ya kununua, na hakikisha manometa yako (kipimo cha kurekebisha gesi) inaingia kwenye mdomo wa chupa yao, kwa kuwa vifaa vinavyopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, vinatoka nchi tofauti na nyuzi zao si sawa. Kwa bati hili lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha. Kama gereji yako ni kivuli cha mwembe, funga turubai upande wa upepo, la sivyo gesi yote inaondoka na lehemu inatoka na vitundu kama sponji.

Kuhusu umeme, tafuta mashine iliyoandikwa kwamba inavumilia umeme ukishuka, kwa sababu jioni wote wakiwasha, volti 220 inabaki kwenye karatasi tu. Usiunge kwa kamba ndefu nyembamba. Waya wa milimita 2.5 za mraba ndio wa kuanzia. Plagi ya Kizambia yenye miguu mitatu ya mraba ikate, uweke ya ampea 16 yenye ardhi. Na wakati wa deletaji, yaani umeme ukikatwa kwa zamu, jenereta ndogo ya duka la vinywaji haitaibeba. Kwa ampea 60 fikiria kVA 3 au zaidi.

Nenda dukani na vipande viwili vya bonneti kuukuu vilivyosafishwa mpaka ving'ae, uombe mashine iwashwe. Ishushe, piga nukta. Sauti nzuri ni ya mfululizo. Ikipiga "pa, pa, pa" na kusukuma mkono, kasi ya waya imezidi moto. Kisha geuza kipande. Nyuma unataka uvimbe mdogo na alama ya bluu. Nyuma ikiwa safi kabisa, lehemu imekaa juu juu na itabanduka gari likipita kwenye mashimo. Muuzaji akikataa kuwasha, toka.

Ya pili: chalumo (tochi ya moto wa gesi) ya oksijeni na asetilini

Wapo watakaocheka kuiona hapa juu. Lakini haihitaji umeme hata kidogo, na lehemu yake ni laini: unaweza kuigonga kwa nyundo, na chuma cha kushikilia nyuma, mpaka mshono upotee. Matoliye (mafundi wa bati la gari) wengi wazee waliijua kabla ya MIG, kwa hiyo mwalimu utampata. Ubaya wake ni joto. Linaenea mbali, bati linavutwa, na huwezi kuitumia karibu na viti au nyaya kama unavyotumia MIG. Bawa la gari (bati la juu ya gurudumu) lililofunguliwa na kulazwa mezani, sawa. Bila vizuizi vya moto kurudi kwenye mipira yote miwili, usinunue. Chupa ya asetilini inasimama wima daima, na mafuta au grisi visiguse kabisa viungo vya oksijeni.

Ya tatu: TIG

Hapa moto unatoka kwenye sindano ya tangsteni, na waya unaulisha kwa mkono wa pili. Nzuri, safi, na ya polepole. Inataka argoni tupu, mikono miwili na bati lisilo na chembe ya kutu, jambo ambalo gari la miaka 20 halikupi. Inunue baadaye.

Ya nne: MIG isiyopokea gesi kabisa

Ni ya bei nafuu na upepo hauisumbui, ndiyo maana inauzika. Lakini waya wenye dawa huja kwa kawaida kuanzia 0.8, moto wake ni mkali, na kila nukta inaacha gamba la kusugua. Kwa sakafu na kingo za chini, inapita. Kwa mlango utakuwa unaziba matundu uliyoyatoboa mwenyewe. Ile ya kwanza inafanya kazi hii pia, kwa hiyo ongeza kidogo.

Ya mwisho: posti ya bageti (fimbo za kulehemu)

Ile ya transfoma, iliyofungwa waya mtaani, iache kabisa: ampea yake ya chini kabisa mara nyingi imeshapita uwezo wa bati. Inverta ndogo yenye bageti za 1.6, kishikio kikiwa hasi, inaweza kushona bati la milimita 1 mikononi mwa fundi aliyezoea. Anayeanza atakata tamaa wiki ya kwanza. Kwa chasi, naam, ni mashine yake.

Pesa iliyobaki

Nunua maski inayojitia giza yenyewe, ya giza namba 9 hadi 13, kisha koleo za kufunga, hata nne, na kipande cha shaba nene cha kuweka nyuma ya tundu, kwani lehemu haishiki shaba. Kwenye gari, toa kwanza nyaya za betri, na klempu ya masi (waya wa kurudisha umeme) ifunge karibu na kiraka, kwenye chuma kitupu.

Bati la kujifunzia lisiwe la kuezekea nyumba. Ni jembamba kupita kiasi, na moshi wa zinki yake unaleta homa usiku. Omba mabaki kwa mafundi wa mbabula (majiko ya makaa), au pipa la lita 200 ambalo tayari limekatwa. Pipa zima lililobeba petroli au dilua (ya kuzimua rangi) usiliguse kwa diski hata likiwa tupu mwaka mzima, maana mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka. Ukishazoea, kata viraka kwenye gari bovu la aina ileile unayotengeneza: unene unalingana, na mkunjo wa kiwandani umo tayari.