Kozi ya nyanjani Olduvai, Laetoli na Ol Doinyo Lengai: nyota nne, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Ukisoma jiolojia Nairobi, volkano si jambo geni. Longonot tumeipanda sote, Menengai tumepelekwa na basi la chuo. Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi hii ya ng'ambo ya Namanga nilijiuliza: huko Tanzania kuna nini ambacho Naivasha haina? Sasa najua. Kuna Korongo la Olduvai, na kuna wahadhiri wawili, mmoja wa akiolojia na mmoja wa jiolojia, wanaobishana mbele ya ukuta mmoja wa korongo.

Chini kabisa ni lava nyeusi. Juu yake matope ya ziwa la kale yanapishana na mikanda ya majivu ya volkano, na juu zaidi ni lile Tabaka la Tatu jekundu unaloliona tangu ukiwa makumbusho. Tulipewa miko ya uashi, tukaambiwa tukwangue ukuta hadi mkanda wa jivu utokee safi. Ulitokea wa kijivu, unakwaruza vidole, na kwa lenzi ya mkononi ukaona vipande vya madini ya felspari vikimetameta. Wenzetu wa akiolojia walikuwa wameshaanza kuchungulia mawe yaliyochongwa, mhadhiri wa jiolojia akawarudisha: "Jamani, jiwe halina tarehe. Tarehe iko kwenye jivu."

Na ni kweli. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipopata fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, umri wake ulikuwa wa kukisia tu. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi ya argoni hutoroka. Ukishaganda, potasiamu iliyomo huendelea kuoza polepole na kuzaa argoni mpya, nayo hunaswa ndani ya fuwele. Ukiipima, unajua volkano ililipuka lini. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1961 vilitoa miaka milioni 1.75, na watu wakashtuka, maana hata mumewe, Louis Leakey mwenyewe, alikuwa akifikiria laki kadhaa tu. Haya yote nilikuwa nimeyasoma darasani na kuyajibu kwenye mtihani. Kuyasoma ukutani, mwiko mkononi, ni elimu nyingine kabisa.

Pia usikose kuomba mpelekwe kwenye mchanga unaohama, ile tuta nyeusi yenye umbo la mwezi mwandamo inayosukumwa na upepo karibu na korongo. Pitisha sumaku juu yake uone inavyoota ndevu za chembe nyeusi.

Sasa malalamiko. Tangazo la kozi lilikuwa na picha ya nyayo za Laetoli, zile za mababu wa kale wa binadamu, za miaka milioni 3.66, na maneno ya kukufanya udhani utasimama kando yake. Husimami. Njia ile ya nyayo iliyogunduliwa mwaka 1978 ilifukiwa upya miaka ya 1990 ili mizizi ya miti na mvua visiiharibu, na ni uamuzi sahihi kabisa. Unachoona ni nakala yake makumbusho. Nakala ni nzuri, ila waandaaji walipaswa kusema. Jambo la pili ni ada: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini mno Ngorongoro kuliko wageni wa mbali, lakini sisi tulitozwa ada ileile ya kozi kama wanafunzi kutoka Ulaya. Tofauti ilienda wapi? Nimeuliza kwa barua pepe, kimya. Chakula hakina shida, ugali, maharage na kabichi vinashibisha. Mihadhara ya baada ya chakula cha usiku ingefutwa tu. Nusu ya watu walikuwa wamelala wameketi.

Lengai ndiyo mwisho wa kozi. Wanaokumbuka Julai 2007, Nairobi ilipotikisika watu wakakimbia kutoka kwenye maghorofa, chanzo kilikuwa upande huu, karibu na Ziwa Natron, na Septemba mwaka huo mlima wenyewe ukalipuka. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati yenye magadi: nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, inatiririka kama oili chakavu ya injini, kisha ikikutana na unyevu hewani inageuka nyeupe. Tulianza kupanda usiku wa manane. Jivu linateleza, hatua mbili juu, moja chini. Kiongozi wetu Mmaasai, kijana wa Engare Sero, aliniambia mara nyingi: "Dada, usitazame kileleni. Tazama unapokanyaga." Kushuka ni kubaya zaidi, na glavu za ngozi zitakusaidia kuliko fimbo.

Kama una goti bovu, mwambie mratibu mapema wala usione haya. Waliobaki chini walipelekwa na mhadhiri wa akiolojia kuona nyayo za Engare Sero, zaidi ya 400, za watu kama sisi waliokanyaga tope la majivu ya volkano, na hizo ziko wazi machoni. Walichora asubuhi nzima bila haraka, wakala chapati za moto, na daftari zao zilikuwa bora kuliko zetu sote tuliopanda. Nikipata nafasi tena, nabaki nao.