Philadelphia yangu ilinyang'anywa sare mchana kweupe

Niliapa sitaandika lolote kuhusu ligi hii nikiwa bado na hasira. Wiki kadhaa zimepita, mvua zimeanza na kuisha, na hasira iko palepale. Basi acha niandike.

Ni ligi ya kriketi ya kuigiza kwenye kompyuta. Wewe unasimamia timu, unapanga nani afungue kupiga na nani arushe, halafu programu inacheza mechi yenyewe. Zama ni za Malkia Victoria, ila historia imepindwa mahali pamoja. Mwaka 1859 kikosi cha kwanza cha Waingereza kusafiri ng'ambo kucheza kriketi kilikwenda Kanada na Marekani. Tunavyojua, miaka miwili baadaye Wamarekani wakaingia vitani wao kwa wao, na besiboli ikatwaa nafasi ya kriketi. Kwenye ligi hii vita havikutokea, ziara ziliendelea kila mwaka, na kufikia miaka ya 1870 Philadelphia inashindana msimu mmoja na Nottingham na Melbourne.

Niliichukua Philadelphia bila kusita. Mimi ni Mkenya. Najua nchi kuwa na kriketi halafu ikaiponyoka mikononi.

Sasa mechi yenyewe. Msimu wa 1878, Nottingham dhidi yetu, siku ya tatu ambayo ndiyo ya mwisho. Mchana Nottingham wanaongoza kwa mikimbio 271, wamepoteza wiketi sita, yaani wapigaji wao sita wametolewa. Ghafla programu ikaandika kwamba nahodha wao ameamua kufunga zamu, yaani kuacha kupiga kabla wote hawajatolewa, ili sisi tupige. Mvua ikanyesha kidogo, jua likatoka, na kwa kuwa zama hizo pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, haikufunikwa turubai, udongo ukawa wa kunata na mpira ukaanza kuruka utakavyo. Tukatolewa wote kwa mikimbio 64. Wiketi yetu ya mwisho ilianguka zikiwa zimebaki ova mbili. Ova, yaani fungu la mipira anayorusha mrushaji mmoja mfululizo, wakati huo ilikuwa na mipira minne, kwa hiyo ilibaki mipira minane. Mipira minane tu, muda ungeisha kabla hatujatolewa wote, na tungepata sare!

Lakini mwaka 1878 nahodha hakuwa na ruhusa ya kufunga zamu. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1889. Kabla ya hapo, timu iliyoona mikimbio yake inatosha ililazimika kuendelea kupiga mpaka wiketi ya kumi ianguke, na ikiwa na haraka, wapigaji walijitoa wenyewe makusudi. Nottingham walibakiwa na wiketi nne. Wapigaji waingie na kutoka mara nne, hata wakikimbia, je, mipira minane ingesalia?

Nottingham ni timu ya msimamizi wa ligi.

Siku ile nilisema ni wizi. Leo sina hakika. Huenda kweli ilikuwa hitilafu ya programu. Kinachonitesa ni kwamba programu hiyohiyo inafuata sheria nyingine zote kwa unyoofu wa ajabu. Tulipofika msimu wa 1864, mwaka ambao wachezaji waliruhusiwa kurusha mpira mkono ukiwa juu ya bega, mrushaji wangu mmoja aliyekuwa wa kawaida tu aligeuka moto. Nilikesha nikisoma taarifa za mechi zake. Sijawahi kuona mchezo wa kompyuta unaonifanya nihisi kifungu cha sheria kikibadilisha maisha ya mtu. Ndiyo maana niliamini kila ilichoandika.

Nilimwandikia msimamizi kwa adabu. Nilimweleza sheria, nikataja mwaka, nikaomba mechi irudiwe kuanzia mchana ule au ihesabiwe sare. Jibu lilikuja na mistari miwili. Wa kwanza ulisema matokeo hayabadiliki. Wa pili ulikuwa swali: kwani huko Kenya mnacheza kriketi?

Niliisoma sentensi hiyo nimesimama jikoni, chai ikifurika kwenye jiko nisiione.

Februari 2003 nilikuwa uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Baba aliomba ruhusa kazini, akanichukua. Nilimwona mrushaji wetu Collins Obuya akiwaangusha Sri Lanka, wiketi tano kwa mikimbio 24, na wanaume wazima wakikumbatiana na watu wasiowajua. Mwezi uliofuata tulicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India. Miaka saba nyuma tulikuwa tumewatoa wapigaji wote wa West Indies kwa mikimbio 93 tu. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na baba hajautaja mchezo huo tena mezani. Na mimi niliyeyaona hayo ndiye niliyeulizwa kama kwetu tunacheza kriketi.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa nyota moja, na ushauri kwamba mtu asijiunge. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Kisha siku chache baadaye nikaona ruhusa ya kufunga zamu imeondolewa kimyakimya. Hakuna tangazo, hakuna samahani, na kipigo changu bado kinasomeka kwenye jedwali. Lakini imeondolewa. Mtu alisoma barua yangu. Basi ziwe nyota mbili. Kwa ile misimu ya 1864 na 1865 ningetoa tano, na sioni namna ya kuzijumlisha.

Na kuna Bart King, mrushaji. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1873. Katika historia yetu halisi alikwenda Uingereza mwaka 1908 na kuwashinda warushaji wote wa huko kwa wastani, mikimbio 11.01 tu aliyoruhusu kwa kila wiketi, akitoka nchi ambayo tayari ilikuwa inaupa mchezo kisogo. Kwenye ligi yupo, jina lake liko kwenye orodha ya watakaokuja. Sasa hivi ni mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano. Ataingia timu yangu mwaka 1893, na safari hii atakuta nchi inayomsubiri, uwanja umejaa. Siwezi kumwachia mtu mwingine.

Jana usiku nimelipa ada ya msimu wa 1879. Mechi ya kwanza ni Nottingham, na wanakuja kwetu.