QRISK3: kikokotoo cha hatari ya moyo kinachouliza unaishi wapi

Vikokotoo vingi vya kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo huuliza umri, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na kolesteroli, kisha huishia hapo, kana kwamba kipato na makazi ya mtu havina mkono wowote katika kifo chake. QRISK3, kilichotolewa mwaka 2017 na watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Julia Hippisley-Cox, na ambacho hupatikana bure mtandaoni, kimeweka nafasi ya postikodi (namba ya posta ya mtaa anakoishi mtu) juu kabisa ya fomu, pamoja na umri na jinsia.

Nafasi hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kukithamini. Postikodi hubadilishwa kuwa alama ya Townsend, inayopima ufukara wa eneo kwa mambo manne: watu wasio na ajira, kaya zisizo na gari, kaya zisizomiliki nyumba zinamoishi, na msongamano ndani ya nyumba. Ukijaza taarifa zile zile za afya, kisha ukabadilisha postikodi pekee kutoka mtaa wa wenye nacho hadi mtaa wa mafukara, asilimia ya hatari ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 hupanda. Hilo lina uzito, kwa sababu mwongozo wa tiba wa England unaitumia 10% kama kiwango cha kumshauri mtu kuhusu statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Asiyeulizwa anakoishi anaweza kubaki chini ya kiwango hicho na kurudi nyumbani bila dawa aliyoihitaji.

Waliokiunda hawakubahatisha. Utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa wanaume watumishi wa serikali jijini London, ulionyesha kwamba wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara tatu ya wale wa daraja la juu, na sigara, shinikizo la damu na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya pengo hilo.

Hata hivyo, postikodi hupima mtaa, haimpimi mtu. Mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake katika mtaa wa kitajiri huhesabiwa pamoja na matajiri, jambo ambalo naliona kuwa kasoro ya kweli. Nafasi ikiachwa wazi, kikokotoo humchukulia mtu kuwa wa hali ya wastani. Kwa hiyo aliye nje ya Uingereza hukosa kile hasa kinachokitofautisha na vingine. Huyo ni afadhali atumie chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, zilizotengenezwa kwa kanda 21, ambazo zina toleo linalotumia uwiano wa uzito na urefu pale ambapo kipimo cha kolesteroli hakipatikani. Chati hizo, pamoja na kikokotoo cha SCORE2 cha Ulaya, hutofautisha kanda au makundi ya nchi, lakini ndani ya nchi moja maskini na tajiri husomwa kwa jedwali lile lile. Kikokotoo cha PREVENT cha Marekani, cha mwaka 2023, kinayo nafasi ya ufukara wa eneo, ila kuijaza ni hiari.

Kuna jambo jingine ambalo QRISK3 haikuundwa kulionyesha: inakadiria uwezekano wa kuugua, si wa kufa baada ya kuugua, na tofauti kubwa kati ya nchi iko hapo. Utafiti wa PURE uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha nchi 17, ulikuta vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari ya kuugua, vingi zaidi katika nchi tajiri, lakini waliofariki baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa 6.5% katika nchi hizo, dhidi ya 17.3% katika nchi maskini. Uchambuzi wa baadaye wa utafiti huo huo, wa mwaka 2019, ulionyesha kuwa katika nchi maskini watu wenye elimu ndogo walikuwa na vihatarishi vichache kuliko wasomi, ila walikufa zaidi, huku huduma za tiba walizopata zikiwa duni mno.

Kwa mkazi wa Uingereza nakipendekeza bila kusita, mradi ajaze postikodi yake halisi. Toleo lijalo ningependa liulize pia kiwango cha elimu, swali ambalo mtu yeyote anaweza kulijibu bila mashine wala maabara.