Kifurushi cha kutengenezea stempu: karatasi nzuri, kigurudumu hovyo

Kifurushi hiki nimekipima kwa kazi moja tu: stempu za nchi zisizokuwepo. Ulimwengu wa Kibudha wa kale una Mlima Meru (si ule wa Arusha) katikati na mabara manne pande zake nne. Nilitaka kila bara liwe na stempu yake, nne zikiwa zimeungana, kilele kikiangukia pale pembe zinapokutana.

Ndani ya boksi mna karatasi 20 za A4 zenye gundi ya kulamba, rula ya chuma na kigurudumu cha meno cha kutobolea.

Na karatasi sina ugomvi, ila kwa unyevu wa Dar es Salaam usiiache mezani. Nilikwenda kunywa chai, kurudi imejiviringisha kama mkeka. Sasa inalala chini ya kamusi. Rangi za maji usiziguse, zinaamsha gundi. Nilichora pembeni, nikaskani, nikachapisha.

Kuchora ndiko kulikonimalizia siku. Maumbo yameshapangwa na mapokeo: bara la mashariki nusu mwezi, la magharibi duara, la kaskazini mraba, na Jambudvipa, la kusini tunaloishi sisi, kama mkokoteni. Upande wa Meru unaotutazama ni wa jiwe la buluu, ndiyo maana, wanasema, anga letu lina rangi hiyo. Kaskazini ni dhahabu. Uttarakuru, bara la huko, ndiyo ilinikwamisha. Watu wake hawana changu wala chako, mpunga unajiotea bila jembe, na mtu anaishi miaka 1,000 (barua ikichelewa nani atalalamika?). Stempu ya huko utaiandika shilingi ngapi? Nimeiacha bila bei.

Sasa kigurudumu. Hakitoboi, kinakwaruza. Nilipita mara tatu juu ya mstari, kuvuta, stempu ikachanika hadi mlimani. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu nikandamize zaidi! Nikaenda kwenye cherehani ya mama, nikatoa uzi, nikapitisha karatasi kavukavu. Vitundu safi, vimepangana. Sindano inakuwa butu, kwa hiyo ibadilishe kabla mwenye cherehani hajaishonea khanga. Asiye na cherehani amuige Donald Evans, Mmarekani aliyechora stempu nyingi za nchi alizozibuni mwenyewe hadi alipofariki Amsterdam mwaka 1977: meno ya stempu aliyapiga kwa nukta za tapureta. Hazichaniki, lakini macho yanaridhika.

Kwenye bahasha, stempu ya Posta inakaa mbele, yangu nyuma pale pa kufungia. Usijaribu kuifanya ilipie barua.

Nitanunua tena karatasi peke yake, wakikubali kuiuza hivyo. Zimebaki sita, nazo nimeziwekea Shambhala, ufalme uliofichika wa masimulizi ya Kibudha, wenye umbo la yungiyungi la petali nane, mji wa Kalapa katikati. Cherehani itazungukaje zile petali, bado nahangaika.